Sahihi Moja Moja

Wakazi wa Kisumu wanaujua mgomo kwa sura yake ya nje. Matawi ya miti mikononi, filimbi na vuvuzela, msafara ukishuka Barabara ya Oginga Odinga, "Haki yetu!" ikipaazwa na kuitikiwa. Kisha mikono inashikana na wimbo wa Solidarity Forever unaanza, wimbo ambao Ralph Chaplin aliutunga Marekani mwaka 1915, na ambao walimu, madaktari na wahadhiri wa Kenya wameuimba hadi ukawa wao. Sura hiyo naipenda. Lakini ninayotaka kuisifu hapa ni kazi inayotangulia, ile isiyopigwa picha: kuwafanya watu elfu moja, kila mmoja na kodi yake, deni lake na woga wake, waamue jambo moja na walishike mpaka mwisho. Huo ni ufundi kamili. Una zana zake, una majira yake, na una mafundi wake.

Ufuo huu wa ziwa umetoa mafundi hao tangu zamani, na sababu haijifichi. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ilifungua njia ya vijana kwenda kuuza nguvu zao mbali na kwao: bandarini Mombasa, kwenye karakana za reli Nairobi, kwenye majani chai Kericho, na karibu zaidi na nyumbani, kwenye miwa ya Miwani, na baadaye Muhoroni na Chemelil. Mtu anayeishi kwa mshahara peke yake hujifunza upesi kwamba sauti yake moja haifiki ofisini. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga na ndiko alikozikwa, alianza kazi kama mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Huko aliunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho zima la vyama vilivyosajiliwa nchini. Dennis Akumu, mwana wa Nyakach, aliongoza wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, akawa Katibu Mkuu wa COTU, muungano mkuu wa vyama vya wafanyakazi nchini, kisha akaenda Accra kuongoza umoja wa vyama vya wafanyakazi vya Afrika nzima. Chuo cha COTU cha kuwafunza viongozi wa vyama kiko hapa Kisumu, nacho kinaitwa kwa jina la Mboya.

Hata hivyo, ukitaka kuuona ufundi wenyewe ukifanya kazi, waache kwanza hao wenye majina. Nenda katika mkanda wa miwa, mashariki ya mji, umtafute mwakilishi wa idara ambaye hakuna gazeti litakalomtaja. Mkononi ana karatasi. Inaitwa Fomu S.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inasema mwajiri atakitambua chama kikiwa kinawakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Nusu hiyo haihesabiwi kwa mikono iliyoinuliwa uwanjani. Huhesabiwa kwa sahihi: mfanyakazi mmoja, fomu moja, jina, nambari ya kitambulisho, na ruhusa ya kukatwa ada ya chama kwenye mshahara. Fomu zikishafika kwa mwajiri, ana siku thelathini kuanza kukata. Kesi nyingi za kutambuliwa kwa vyama katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huishia hapo, mwanasheria mmoja akihesabu fomu na mwingine akizipinga moja baada ya nyingine: huyu aliacha kazi, huyu ni wa usimamizi, sahihi hii haifanani na ile.

Kwa hiyo mwakilishi huenda kwa mtu mmoja mmoja. Huwafuata watu wa boila wanapotoka zamu ya usiku, wa mizani wakati matrekta yamepungua, wa maabara wakati wa chai, wa karakana wakati wowote, kwa kuwa hao hawakosi la kusema. Anajua ni nani asiyefuatwa mbele ya msimamizi wake, na ni nani atakayetia sahihi akiona tu kwamba fulani ametia. Kwa mzee aliyefanya kazi miaka thelathini haanzi na hoja. Anaanza na hali ya nyumbani, mvua, na yule mtoto aliyeingia sekondari. Kisha: "Mzee, nimekuletea hii uisome. Leo siichukui." Na kweli haichukui. Anarudi kesho kutwa. Sahihi iliyotolewa kwa kusukumwa hufutwa kwa barua ya kujitoa siku mwajiri atakapoanza kuita watu ofisini mmoja mmoja, na sheria inamruhusu mwanachama kujitoa kwa maandishi. Sahihi iliyosubiriwa husimama.

Kazi hii inachosha na haina sifa. Inahitaji kumbukumbu ya majina, miguu isiyolalamika, na tabia ambayo nikiiona humheshimu mtu papo hapo: kumsikiliza anayekataa. Mfanyakazi anayekataa kujiunga mara nyingi ana kisa. Chama kiliwahi kumwacha. Au anadhani ada inaliwa Nairobi. Au mkataba wake ni wa miezi mitatu, na anajua kwamba akijulikana kuwa mtu wa chama hataitwa tena. Mwakilishi hodari huviandika visa hivyo, maana ndivyo vitakavyotumiwa na upande wa pili kuwagawa watu siku mambo yatakapochacha. Mafundi wa mashua pale Dunga hukalafati chombo kikiwa nchi kavu; ufa unaogunduliwa katikati ya ziwa umeshachelewa.

Baada ya kutambuliwa huja madai, na hapa watu wa nje hudhani kuna neno moja tu, mshahara. Usome mkataba wa maelewano ya pamoja wa kiwanda chochote kikubwa uone. Kuna posho ya nyumba, malipo ya zamu ya usiku, sare na buti, matibabu ya mke, mume na watoto, siku za likizo na nauli yake. Na katika mikataba mingi kuna kifungu cha mazishi: siku za ruhusa na msaada wa kumsafirisha marehemu hadi nyumbani. Kwa mtu wa Nyanza kifungu hicho hakikuwekwa kwa kujaza karatasi. Mfanyakazi mwenzako akifia mbali, kumrudisha nyumbani ni wajibu ambao huwaacha jamaa na deni la mwaka mzima. Aliyekidai kwanza mezani alikuwa amesikiliza watu wake vizuri.

Madai yanakusanywa kwa mikutano ya idara, kisha yanapunguzwa. Kupunguza ndiko kugumu. Kila idara inataka lake liwe la kwanza, na viongozi wakibeba arobaini hawatapata hata manne. Hapo ndipo mtu hujulikana kama anaweza kusimama mbele ya wenzake aseme, "Hili la kwenu tumeliweka la tisa, na sababu ni hii," kisha abaki kiongozi wao.

Halafu huja hesabu. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa zinazohitajika katika majadiliano, na mwenye kujua kuzisoma huingia chumbani akiwa na nguvu ambayo kelele haiwezi kuitoa. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma siku 49, kuanzia katikati ya Septemba hadi tarehe 5 Novemba. Walikuwemo wa Maseno na wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo. Kiini cha ugomvi kilikuwa tarakimu. Serikali ilisema deni lililosalia katika mkataba wa 2017 hadi 2021 ni shilingi milioni 624. Chama chao, UASU, chini ya Katibu Mkuu Constantine Wasonga, kilisema ni bilioni 7.9. Kati ya tarakimu hizo mbili hakuna nafasi ya kukutana katikati kwa hisani, kwa kuwa mmoja amekosea hesabu na mwingine amepatia. Wahadhiri waliishika tarakimu yao wiki saba bila kuigusa, na makubaliano yakatiwa saini kwa bilioni 7.9, zilipwe kwa awamu mbili. Kinachonivutia katika mgomo huo ni kwamba hesabu yao haikubadilika. Msemaji wa Nairobi na msemaji wa tawi walitaja kiasi kile kile, asubuhi na jioni, na hilo haliji lenyewe. Mtu fulani alikuwa amekaa na karatasi za mishahara za miaka mingi, akajumlisha, akahakikisha, kisha akawafundisha wengine.

Na mezani penyewe? Nitasema machache, maana ufundi wa mezani umesifiwa kuliko unavyostahili. Msemaji ni mmoja. Wengine wana kazi zao: mmoja anaandika kila neno, mmoja anautazama uso wa mhasibu wa kampuni, mmoja anashika sheria. Asiyekubaliana na msemaji hamkatizi. Anasukuma kikaratasi, au anaomba watoke nje kidogo. Huko nje, chini ya mwembe au kwenye korido, ndiko watu hugombana kweli kweli, na wakirudi ndani wamekuwa mtu mmoja tena. Mwajiri mwenye uzoefu hukaa akitafuta mahali ambapo nyuso hazilingani. Ndiyo maana kamati iliyozoeana hutisha kuliko kamati yenye wasemaji wengi. Lipo pia suala la majira, na watu wa sukari wanalijua kuliko wote. Muwa ukishakatwa hauna subira. Kila siku unayokaa yadini unapoteza sukari. Kugoma wakati kinu kimefungwa kwa matengenezo ni kumpa mwajiri likizo.

Sasa nifike kwenye sehemu ya ufundi huu ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote, na ndiyo ninayoona inatazamwa kidogo kuliko zote: kurudi kwa wanachama na kuwaeleza kilichopatikana.

Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Hali ya Hatari ilikuwa inaendelea, serikali ya kikoloni ikiviona vyama vyote kwa jicho la shaka, na kumbukumbu ya mgomo mkuu wa Januari 1947 ilikuwa bado hai mjini. Kiongozi aliyeinuliwa na mgomo ule, Chege Kibachia, alikamatwa miezi michache baadaye na kupelekwa uhamishoni Baringo. Mboya, mwenye miaka 24, alishuka pwani. Mkutano aliousimamia ulikuwa wa maelfu ya watu wenye hasira ya haki. Aliwaambia warudi kazini, ili ipatikane nafasi ya kujadiliana na kwenda kwenye usuluhishi. Wakarudi. Usuluhishi ukawapa nyongeza kubwa ya mshahara, na chama cha bandari kikaanza kuheshimiwa.

Tafakari uzito wa jambo hilo. Kijana wa kutoka bara, tena mtu wa ofisini, anawaambia wapagazi wa gati waache silaha pekee waliyo nayo wakati wameishika mkononi. Neno hilo likitoka kwa mtu wasiyemwamini ni usaliti. Na hata likitoka kwa wanayemwamini, likisemwa vibaya linageuka hivyo hivyo. Uhodari wake ulikuwa katika kuwaeleza wazi kile kilichopo, kile ambacho hakipo bado, na ni nani atakayefuatilia. Baadaye mwaka huo huo alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, kusoma mahusiano ya viwandani, lakini somo kubwa alikuwa ameshalifaulu Mombasa. Miaka saba baadaye, akiwa Waziri wa Kazi, alisimamia Hati ya Mahusiano ya Viwanda ya Oktoba 1962, iliyowafunga serikali, waajiri na vyama katika utaratibu wa kujadiliana kabla ya kugoma. Wapo waliomlaumu kwamba alivifunga vyama kamba. Lawama hiyo ina ukweli wake, kwa sababu taratibu ndefu humfaa mwenye akiba. Lakini utaratibu huo ndio uliowapa wafanyakazi wadogo wa kiwandani mlango ambao mwajiri hawezi kuufunga kwa kujisikia vibaya asubuhi fulani.

Mkutano wa kutoa taarifa, ambao watu wengi wa vyama huuita kamukunji, una kanuni zisizoandikwa. Habari mbaya hutangulia. Anayetangulia na nzuri, watu watamshangilia, kisha watamgeukia. Tarakimu husemwa polepole, mara mbili, na kwa lugha wanayoielewa wote, Kiswahili kwanza, halafu Kijaluo au Kinandi pale inapobidi, maana mkanda wa miwa una watu wa pande zote mbili za mpaka wa kaunti. Maswali huachwa yaishe. Kuna swali ambalo lazima liulizwe na mtu mkali kuliko wote kundini, na kiongozi mwerevu humpa yule mtu nafasi mapema, akijua kwamba akijibiwa yeye wamejibiwa mia. Hapo ndipo umoja hutengenezwa. Mtu aliyeuliza swali lake gumu mbele ya wenzake akajibiwa kwa heshima, hata kama jibu halikumpendeza, atasimama langoni siku ya mvua.

Maana siku ya mvua huja. Majadiliano yakivunjika, huenda kwa msuluhishi wa Wizara ya Kazi kwa siku thelathini, na hapo pakishindikana, chama hutoa notisi ya mgomo ya siku saba. Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, inaitaja haki ya kugoma waziwazi. Lakini haki hiyo ina bei: mwajiri halazimiki kumlipa mtu kwa siku ambazo hakufanya kazi. Mwisho wa mwezi wa kwanza, mshikamano unaacha kuwa neno la jukwaani na kuwa swali la duka la mtaani, kama mwenye duka ataendelea kuandika kwenye daftari.

Hakuna mahali ambapo bei hiyo ilionekana kama katika mgomo wa madaktari ulioanza tarehe 5 Desemba 2016. Chanzo chake kilikuwa mkataba wa Juni 2013, uliotiwa saini na serikali, ukawekwa, ukapuuzwa. Hapa ndipo somo la kiufundi lilipouma: kwa sheria, mkataba wa aina hiyo huwa na nguvu ukisajiliwa mahakamani, na ule haukuwa umesajiliwa. Saini zote zilikuwepo. Muhuri mmoja haukuwepo. Madaktari takriban elfu tano wa hospitali za umma walitoka, wakiwemo wa hospitali kuu ya Kisumu, ile inayoitwa rasmi kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga na ambayo kila mtu mjini huiita "Russia", kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Ni hospitali yenye kumbukumbu nzito. Siku ya kufunguliwa kwake, tarehe 25 Oktoba 1969, msafara wa Rais Jomo Kenyatta uliacha watu wamepigwa risasi barabarani.

Siwezi kuusifu ufundi wa mgomo ule bila kuwataja waliolipa bei ambayo hawakuipigia kura. Wagonjwa. Mama mjamzito anayefika langoni usiku na kuambiwa aende hospitali ya kulipia hana chama, hana notisi ya siku saba, hana siku ya kungoja. Madaktari walijua hilo, tena kuliko wanasiasa waliowasema. Mtu aliyekula kiapo cha kutibu halali vizuri akiwa amegoma, na serikali iliutegemea usumbufu huo wa dhamiri uwavunje. Jibu la chama lilikuwa kuweka hali ya hospitali zenyewe ndani ya madai: ukosefu wa vifaa, uchache wa madaktari, mafunzo. Naamini walisema kweli. Naamini pia kwamba ukweli huo haukumsaidia yule mama usiku ule, na chama kinachosahau mojawapo kati ya mawili hayo hupoteza kitu ambacho hakirudi kwa mkataba.

Mwezi Januari serikali ilitoa ahadi ya nyongeza ya asilimia 40. Waliikataa. Tarehe 13 Februari 2017 mahakama iliwapeleka jela viongozi saba wa chama, akiwemo Katibu Mkuu Ouma Oluga na mwenyekiti Samuel Oroko, kwa kukaidi amri ya kusitisha mgomo. Kwa hesabu za kawaida hapo ndipo mgomo hufa. Kichwa kimekatwa, mishahara haijaja mwezi wa tatu, na simu zimejaa uvumi kwamba tawi fulani limerudi kazini. Ukatokea mgomo wa saa 48 wa madaktari wa hospitali binafsi, watu ambao hawakuwa na senti moja katika mkataba ule. Baada ya siku mbili Mahakama ya Rufani iliwaachilia viongozi waendelee na mazungumzo. Mapatano ya kurudi kazini yalitiwa saini tarehe 14 Machi, siku ya mia moja.

Waliushikaje siku zile mbili ambazo viongozi walikuwa ndani? Kwa kuwa matawi yalikuwa yameshazoea kufanya mikutano yake, kujua hoja zake, na kuthibitisha habari kabla ya kuisambaza. Chama kinachoongozwa na mtu mmoja hufungwa pamoja naye. Hiki kilikuwa kimegawanya ujuzi wake Kisumu, Eldoret, Mombasa na kwingineko, na kila tawi lilikuwa na mtu anayeweza kueleza mkataba wa 2013 kifungu kwa kifungu bila kumpigia mtu simu Nairobi. Uvumi ulipokuja, palikuwa na mtu wa kuuliza.

Si kila mgomo huenda hivyo. Oktoba 1997, chini ya Ambrose Adongo, chama cha walimu KNUT kiligoma siku 12 na kupata nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa, kisha serikali ikasimama. Walimu waligoma tena mwaka uliofuata na kurudi darasani mikono mitupu. Kilichofuata ni aina ya uvumilivu ambayo haina nyimbo: kwa miaka mingi tangazo la kisheria la nyongeza hiyo, nambari 534 ya 1997, lilitajwa katika kila mkutano, kila memoranda, kila kesi. Walimu waliokuwa hawajazaliwa likitiwa saini wanalijua kwa nambari. Kuibeba karatasi miaka ishirini bila kuiacha ianguke nako ni ufundi.

Katika mkanda wa miwa kazi hiyo ya kubeba karatasi inaendelea hivi sasa. Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya umma, Nzoia, Sony, Chemelil na Muhoroni, kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Wafanyakazi waliingia katika mpito huo wakidai malimbikizo ya mishahara ya miaka. Mwajiri anapobadilika, deni hutafuta mahali pa kujificha kati ya wa zamani na mpya. Mwenye kuweza kulikamata ni yule mwenye hati za malipo za kila mwezi, orodha ya waliostaafu, na ya waliofariki wakidai. Chama cha wafanyakazi wa sukari, KUSPAW, kina kazi hiyo mezani, na wanaoifanya wengi ni wawakilishi wa idara waliokuwa wakidaiwa kodi wao wenyewe.

Limebaki jambo la kufunga mgomo, ambalo linataka mkono mwepesi kuliko kuufungua. Mapatano ya kurudi kazini huwa na kifungu ambacho mtu mgeni hukiruka na mwanachama mzoefu hukisoma kwanza: kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kushiriki. Bila hicho, wale waliosimama mbele langoni ndio watakaopewa barua, na mgomo ujao hautakuwa na mtu wa mbele. Halafu kuna yale yasiyopatikana. Fundi mbaya huyanyamazia. Fundi mzuri huyaandika kwamba hayajapatikana.

Hivyo ndivyo madaktari walivyofanya mwaka 2024. Chanzo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, shilingi 206,400 kwa mwezi kwa mujibu wa mkataba wa 2017, ambayo serikali ilitaka kuyashusha hadi 70,000. Tarehe 29 Februari Katibu Mkuu Davji Atellah alipigwa kichwani na kopo la kitoa machozi wakiandamana Nairobi. Mgomo ulianza katikati ya Machi na kudumu siku 56. Mapatano ya tarehe 8 Mei yaligusa mambo mengi, lakini suala la wanagenzi walilitenga, wakaliacha mahakamani badala ya kulitia saini kwa tarakimu ndogo ili mradi wamalize. Wapo waliosema hapo chama kimewauza vijana. Viongozi walizunguka matawi wakieleza kwa nini nafasi iliyoachwa wazi ni bora kuliko saini iliyofunga mlango, na wanachama, wengi wao kwa shingo upande, wakarudi wodini. Desemba ya mwaka huo serikali ilikubali shilingi 206,400. Miongoni mwa wanaostahili kiwango hicho, kule "Russia" na kwingineko, ni vijana ambao siku ya kopo lile la gesi walikuwa bado darasani, wakijiandaa kwa mtihani wa mwisho.